Njia panda ya Elena: mgonjwa mmoja, mabonde mawili

Saa tano na nusu usiku, kwenye kibanda cha Elena, katika milima ya Rwenzori nchini Uganda, mita 4,541 juu ya usawa wa bahari, mgeni wetu alikuwa ameketi akiegemea ukuta wa mbao kwa sababu kila akijilaza anakosa hewa. Nilimhesabia pumzi kwa saa ya mkononi: 34 kwa dakika moja, naye amekaa tu, hajainua hata kikombe. Nikamwekea sikio mgongoni, chini ya bega la kulia. Kila alipovuta hewa nilisikia milio midogo midogo ya kupasuka, kama chumvi iliyotupwa kwenye karai la moto. Kipima oksijeni ya damu cha kidole kilisoma asilimia 67. Binamu yake, aliyepanda naye siku zile zile na kula chakula kile kile, alisoma 81.

Naandika kisa hiki chote, pamoja na makosa yangu, kwa ajili ya viongozi wenzangu wa upande wa Kasese na kwa wageni wanaojiandaa kupanda Rwenzori. Kuhusu ugonjwa wa mwinuko tunafundishwa neno moja kubwa, shuka, na neno hilo ni la kweli. Lakini milima yetu ina mahali ambapo mtu anaweza kushuka na bado akawa amejifungia ndani. Usiku ule tulisimama mahali hapo tukiwa na mgonjwa, na ilitubidi kuchagua gizani.

Mgeni nitamwita Mwalimu. Ndiyo kazi yake, na ndivyo sote tulivyomwita njia nzima.

Aliyekuja na tulivyompandisha

Mwalimu alikuwa na miaka 47, mtu wa Eldoret, mwembamba, mwenye mwendo mzuri. Miaka miwili kabla alikuwa amefika Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, bila hata kuumwa kichwa. Alikuja kwa basi hadi Kampala, akampitia binamu yake anayefanya biashara huko, wakaja pamoja Kasese. Ilikuwa Januari, wakati mvua inapopungua, ingawa hata wakati huo Rwenzori hunyeshewa karibu kila siku. Tulizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusingizia lugha. Kila alichoniambia nilikielewa, na nilichomuuliza alikielewa.

Njia ilikuwa ile ya mzunguko wa kati. Siku ya kwanza kutoka Nyakalengija, mita 1,646, hadi Nyabitaba, mita 2,651. Siku ya pili John Matte, karibu 3,400. Siku ya tatu Bujuku, 3,962. Siku ya nne Elena. Siku ya tano ingekuwa kilele cha Margherita, mita 5,109, kisha kuteremkia Kitandara. Namba hizi hutofautiana kidogo kati ya vibao vya njiani na ramani, lakini hesabu haibadiliki: usiku wa nne mtu analala karibu mita 2,900 juu ya mahali alipoanzia. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ule uliopita kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Ratiba yetu ilikuwa inapita kanuni hiyo kidogo kila siku na haikuwa na siku ya mapumziko. Ndiyo ratiba ambayo wengi huuziwa, kwa sababu siku moja ya ziada ni mishahara ya timu nzima, chakula cha timu nzima na ada za hifadhi.

Nilimwona Mwalimu akibadilika siku ya tatu. Tulikuwa tumetoka kwenye kinamasi cha Bigo, matope hadi magotini, kila mtu na gambuti zake. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu. Nikamuuliza kama kichwa kinauma. Akasema hapana, ni baridi tu ya asubuhi. Bujuku alikula nusu sahani ya wali akasukuma iliyobaki kwa binamu. Kipimo cha kidole kilisoma 83, mwenzake 88. Usiku niliamka kwenda nje nikamkuta amekunja begi lake chini ya mgongo ili alale ameinuka.

Asubuhi nilimuuliza tena kuhusu kichwa. Hakiumi. Tumbo? Liko sawa. Basi nikampandisha.

Gambuti la kushoto

Njia ya kutoka Bujuku kwenda Elena inapanda kwenye korongo lililojaa seneshio, ile miti minene yenye kofia za majani inayoota huku juu tu, na kuna mahali panapopandwa kwa ngazi ya chuma. Mwalimu alikuwa wa mwisho tangu mwanzo. Pale Bigo, siku moja kabla, alikuwa anaongea na wapagazi kuhusu mpira. Humo korongoni alikuwa anahesabu hatua kumi, anasimama, anashika goti, anahesabu kumi nyingine. Tulitarajia kufika Elena saa saba mchana. Tulifika saa tisa na nusu.

Alipoketi kwenye kitanda alivua gambuti la kulia. La kushoto likamshinda. Alilivuta, akapumzika, akalivuta, kisha akaacha akakaa hivyo, mguu mmoja na soksi, mguu mwingine na gambuti lenye tope, kwa muda wa robo saa. Niliona. Nilikuwa mlangoni napanga viatu vya meno na kamba za barafu za usiku huo, nikasema moyoni kwamba amechoka. Mzee anayesimamia wapagazi, mtu aliyepanda milima hii tangu ujana wake, alipita akapiga goti, akamvua lile gambuti bila kusema neno, halafu akanijia mlangoni.

"Kiongozi, huyu mwalimu hachoki hivi. Huyu anazama."

Ningelisikiliza neno lile saa ile ile ya kumi, tungekuwa Bujuku kabla ya giza kuingia.

Kwa nini sikulisikiliza? Sababu moja ni kile kichwa kisichouma. Tumezoeshwa kumtafuta mgonjwa wa mwinuko kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, na ni kweli aina ya kawaida huja hivyo. Mapafu kujaa maji ni ugonjwa mwingine ndani ya familia hiyo hiyo, na mara nyingi huja bila kichwa kuuma hata kidogo. Hewa inapokuwa nyepesi, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujikaza. Kwa watu fulani hujikaza kupita kiasi na bila usawa, shinikizo linapanda, na maji ya damu yanavujia kwenye vifuko vya hewa. Kupanda kwa nguvu na baridi kunaongeza shinikizo hilo. Dalili ya kwanza ni uwezo kushuka: mtu aliyekuwa anatembea katikati ya kundi anakuwa wa mwisho, na akipumzika pumzi hairudi. Kikohozi kikavu kinafuata. Povu lenye rangi ya damu, ambalo kila mtu amelisikia, ni la mwisho kabisa, na ukilisubiri umechelewa.

Sababu ya pili ni Lenana. Mimi, yeye na binamu yake sote tulilichukua lile jina kama cheti. Mlima Kenya alifika mita 4,985, basi Elena ni nini? Lakini mwili hauweki akiba ya safari ya miaka miwili iliyopita, na Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, kunamsaidia mtu kidogo tu anapolala mita 4,500. Pale Elena kila pumzi inaleta chini ya asilimia 60 ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaipata.

Na sababu ya tatu ni barafu yenyewe. Mwaka 1906, wakati Luigi Amedeo wa Savoia, mwanamfalme wa Kiitaliano, alipofika Margherita tarehe 18 Juni na kukipa kilele jina la malkia wa Italia, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43 yenye majina, eneo la takriban kilomita za mraba 7.5. Kufikia 2005 chini ya nusu ndiyo iliyobaki, na ilibaki juu ya milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, waliuita mlima kwa theluji yake, nzururu, na wazee wanasema Kitasamba, mungu wao, anakaa humo. Wageni wa siku hizi wanakuja wakijua kwamba wanakiaga kitu. Mwalimu aliniambia siku ya kwanza kwamba anataka awaeleze wanafunzi wake kwamba aligusa barafu ya ikweta kabla haijakwisha. Mtu mwenye nia ya namna hiyo hatakwambia kwamba anaumwa. Namheshimu kwa nia ile, na kwa sababu hiyo hiyo sikupaswa kutegemea jibu lake.

Kwa nini hapa kushuka si jambo moja

Lazima nieleze umbo la milima, kwa kuwa uamuzi wote wa usiku ule unakaa humo.

Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake. Ukiugua juu, elekea upande wowote unaoteremka, mwishoni utatokea kwenye migomba ya mtu. Mlima Kenya nao ni volkano, ingawa umechakaa, na mabonde yake yanatoka katikati kwenda nje kama njiti za baiskeli. Rwenzori haikuzaliwa na moto. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa, kisha maji na barafu vikalichonga likawa milima sita inayosimama mmoja mmoja: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Katikati yao kuna mabonde na maziwa, na kutoka bonde hadi bonde unavuka kwenye mwanya, pale ukingo unapojishusha ukamruhusu mtu kupita. Mzunguko wa kati unapita humo kama uzi ndani ya sindano kadhaa.

Sasa tazama Elena. Kibanda kiko kwenye bega la Mlima Stanley. Ukiteremka kidogo kwenye miamba unafika njia panda. Kushoto, chini ya korongo la seneshio, ni Bujuku, mita 3,962. Kulia, baada ya kupanda kidogo hadi mwanya wa Scott Elliot, mita 4,372, unateremkia maziwa ya Kitandara, mita 4,023. Kwa kimo cha kulala, tofauti ni mita 61. Kwenye karatasi ni kitu kimoja.

Lakini maji ya Bujuku yanakwenda mashariki, yanaungana na Mubuku, yanatoka kwetu na kuingia Ziwa George. Ukiyafuata, kila saa unakuwa chini kuliko saa iliyopita: Bigo, John Matte, daraja la Kurt Schäfer, kisha kijilima kimoja kifupi hadi Nyabitaba na uko nyumbani. Maji ya Kitandara yanakwenda magharibi, mto Butawu, Kongo. Hakuna njia yetu inayoyafuata. Aliyelala Kitandara, ili atoke upande wa Uganda, lazima apande tena: ama arudi Scott Elliot, ama avuke mwanya wa Freshfield, mita 4,282. (Maji yenyewe hukutana tena mbali huko kwenye Semliki na kuingia pamoja Ziwa Albert. Kila ninapofika pale nalikumbuka jambo hilo, na bado linanishangaza.)

Mvutano wa njia panda

Elena tulikuwa watu sita: Mwalimu, binamu, mimi, kiongozi msaidizi, mpishi na yule mzee. Wapagazi wanne walikuwa wamerudi kulala Bujuku. Wengine watano nilikuwa nimewatanguliza Kitandara mchana ule na mizigo ya kesho yake: chakula, nguo kavu, mifuko ya akiba ya kulalia. Na mtungi wa oksijeni.

Hilo ndilo kosa langu kubwa zaidi. Mtungi ni mzito, njia ya Elena ni ya miamba, na nilijisemea kwamba baada ya kilele tutakuwa Kitandara kabla ya jioni. Niliweka dawa ya mgonjwa mahali ambapo mgonjwa angefika akiwa mzima.

Kwenye kisanduku cha dawa nilikuwa na asetazolamidi, ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, na deksamethasoni. Nifedipini, ambayo ndiyo hulegeza mishipa ya mapafu, haikuwemo. Deksamethasoni ni ya ubongo unaovimba. Tulimpa kwa sababu aina hizi mbili huweza kuja pamoja, lakini sikujidanganya kwamba inatoa maji mapafuni. Tochi nilimmulika ndani ya mdomo. Kwa mtu mweusi usitazame midomo kwa nje. Mgeuze mdomo wa chini, tazama ulimi na mzizi wa kucha. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau.

Kungoja mapambazuko kungekuwa saa saba nyingine. Hilo tulilikataa haraka, na mzee ndiye aliyelikataa kwanza, akaanza kumvisha Mwalimu viatu. Saa sita kasoro kumi tulitoka. Theluji laini iliyochanganyika na mvua ilikuwa inaanguka, na miamba chini ya Elena inateleza hata mchana. Mzee alitangulia akiteremka kinyumenyume, mikono yake miwili imeshika mapaja ya Mwalimu, akimwekea kila mguu mahali pake. Mimi nilikuwa nyuma na kamba fupi kiunoni mwake.

Njia panda tulifika karibu saa saba na nusu. Msaidizi wangu akasimama akamulika kulia.

"Kiongozi, mtungi uko Kitandara. Nguo kavu ziko Kitandara. Chakula kiko Kitandara. Bujuku kuna nini?"

Hakukosea hata neno moja. Mpishi alikuwa upande wake. Binamu, aliyekuwa analia kimyakimya tangu kibandani, alisema twende kwenye oksijeni, na angesema nini kingine? Mgonjwa anakosa oksijeni, oksijeni iko mahali panapojulikana, saa mbili mbele. Mimi mwenyewe miguu yangu ilikuwa imeshageukia kulia.

Mambo mawili yalinirudisha. La kwanza ni ule mpando wa kwenda Scott Elliot. Kwa mtu mzima ni mfupi. Kwa mtu ambaye alikuwa anasimama kila hatua ya nne akiwa anateremka, kupanda ni kuyaongezea mapafu lile shinikizo linalomzamisha. La pili nilijiuliza hivi: mtungi ukiisha, tutakuwa wapi? Mtungi wetu mdogo ungemtosha saa chache. Tungekuwa mita 4,023, ndani ya bakuli lenye ukingo pande zote, na asubuhi tungelazimika kumbeba mtu yule yule kupanda hadi mita 4,282 za Freshfield, kisha kuteremka kwenye miamba mikali ya upande wa Bujongolo, mahali ambapo watu wawili wenye afya husaidiana mkono kwa mkono. Kitandara ilikuwa na oksijeni ya usiku mmoja, na baada yake ukuta. Bujuku haikuwa na kitu, ila njia yake haikuwa na mahali pa kupanda hadi karibu na Nyabitaba.

Nikasema: sisi na Mwalimu tunakwenda Bujuku, mtungi utatufuata. Msaidizi na mpishi wavuke Scott Elliot wawili, asiende mtu peke yake, wachukue mtungi na wapagazi wawili wenye nguvu, wageuze hapo hapo. Msaidizi alinitazama muda. Kisha akavua koti lake la mvua, lililokuwa zuri kuliko la Mwalimu, akambadilishia, akaondoka.

Tope, mbao na machela

Korongo la seneshio usiku ule sitalieleza sana. Kwenye ngazi ya chuma tulimfunga mzee mgongoni kwa kamba, halafu tukamfunga Mwalimu kwa mzee. Bujuku tulifika saa kumi na moja alfajiri. Kipimo: 73. Pumzi: 30. Kwa mita 579 tulizoteremka tulikuwa tumepata namba sita, na alipata kulala nusu saa ameegemea magunia.

Kungekucha na kungekuwa rahisi kubaki pale tukisubiri mtungi karibu na moto. Nadhani kundi lingine lingebaki, na siwezi kulilaumu. Tulitengeneza machela kwa fito mbili na turubai, wapagazi wetu wanne pamoja na watatu wa kundi jirani walioamka bila kuombwa, tukaondoka mwanga ulipoonekana. Mtungi ulitukuta njiani, kando ya Ziwa Bujuku, saa moja na nusu. Msaidizi alikuwa na damu kwenye goti na hakusema ameanguka wapi. Nilipofungua mtungi na kuvisha barakoa, niliangalia kidole: 73, 76, 80, 85, dakika kumi tu. Mwalimu akafumbua macho akaomba chai.

Bigo ndiyo iliyotula. Kuna njia ya mbao juu ya sehemu ya kinamasi, lakini imepimwa kwa mtu mmoja anayetembea, na machela ni pana kuliko mbao. Mwenye fito ya kulia na mwenye fito ya kushoto wote wawili walilazimika kushuka kwenye tope, hadi kiunoni mahali pengine, na mbao zikawa katikati yao hazina kazi. Walibadilishana kila hatua hamsini. Hakuna aliyeimba, kinyume na kawaida ya wabebaji. Walikuwa wanahesabu kwa Lukonzo.

Oksijeni iliisha kabla ya John Matte. Nilikuwa nimeiogopa dakika hiyo tangu njia panda. Namba ilishuka kutoka 90 hadi 84, ikasimama. Tulikuwa tayari karibu mita 3,500, na hewa yenyewe ilikuwa inafanya kazi ya mtungi. Saa nane mchana, kwenye kibanda cha John Matte, Mwalimu alishuka kwenye machela kwenda chooni kwa miguu yake. Nyabitaba tulilala. Kesho yake hospitalini mjini, picha ya kifua ilionyesha weupe kwenye pafu la kulia zaidi ya la kushoto, na daktari akasema ni maji yanayokauka. Alipumzishwa, akaondoka baada ya siku chache.

Ninavyolipima leo

Wapo wenzangu niliowaeleza kisa hiki wakaniambia kwamba nilicheza kamari: kumnyima mgonjwa oksijeni kwa saa kadhaa zaidi ya lazima. Nimeifikiria hoja hiyo sana. Ni kweli kwamba kama angezidiwa korongoni, kabla ya mtungi kufika, ningekuwa nimempeleka mbali na kitu pekee cha kumwokoa. Kama Scott Elliot ingekuwa chini ya njia panda badala ya juu yake, au kama angekuwa hawezi kusimama kabisa, huenda ningekwenda kulia. Lakini oksijeni ya mtungi inanunua muda, na muda unaununua ili uutumie kwenda mahali. Kitandara tungeutumia kukaa.

Uamuzi wa njia panda, basi, naukubali. Siukubali ule wa Bujuku asubuhi ya siku ya nne. Nilikuwa na mtu anayekohoa, aliyeacha chakula, aliyelala ameegemea na mwenye namba chini ya mwenzake, nikamuuliza swali ambalo halihusu ugonjwa wake. Siku moja ya kupumzika pale ingetuonyesha. Angepona, tungepanda, asingepona, tungeteremka na jua likiwa limewaka.

Siku hizi simwulizi mgeni kama yuko sawa. Namtazama akivua gambuti. Mtungi unakwenda na mgeni wa mwisho, popote alipo, hata kama ni mimi ninayeubeba. Nifedipini imo kwenye kisanduku, na daktari alinifundisha lini na jinsi ya kuitoa. Bujuku nalala siku mbili, na mgeni asiyetaka kulipia siku hiyo namweleza mapema, tukiwa bado Kasese, kwamba sitampeleka Elena. Nimepoteza kazi kadhaa kwa hilo. Na kila tukifika njia panda tukipanda, mchana, watu wakiwa wazima, nasimamisha kundi zima, mpishi na wapagazi pia, nasema kwa sauti: usiku huu mtu akiugua, tunakwenda huku tulikotoka, Bujuku, hata mizigo ikiwa upande ule.

Mwalimu alinipigia simu miezi mitatu baadaye. Alitaka kujua jina la yule mzee ili amtumie zawadi. Tukaongea juu ya shule, juu ya binamu, halafu akanyamaza kidogo.

"Pale mlipogombana," akasema, "nilikuwa nasikia. Nilitaka kuwaambia twende Kitandara. Sweta langu la sufu lilikuwa kwenye mzigo wa huko, na nilikuwa nasikia baridi mpaka kwenye meno. Nilikuwa na maneno yote tayari. Pumzi ya kuyasema ndiyo haikutosha."